Spika za mamilioni hazifuti mwangwi



Ndugu zangu Waislamu, katika msikiti mmoja hapa mjini tumeombwa tuchangie spika mpya za mamilioni, kwa kuwa khutba haisikiki vizuri. Sipingi chombo kizuri. Lakini nauliza: je, tatizo ni spika?

Misikiti yetu mingi ina kuta za vigae, madirisha ya vioo na kuba. Sauti hugonga humo ikarudi kama mwangwi, ikafunika neno linalofuata. Ukileta spika kubwa zaidi, unaukuza na mwangwi wenyewe. Kuongeza nguvu ya spika mara mbili huzidisha sauti kwa desibeli 3 tu. Lakini mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu, sauti huzidi kwa desibeli 6. Kwa hiyo spika ndogo za bei ya wastani, zikitundikwa karibu na safu, pamoja na zulia zito, zitafaa kuliko jozi ya mamilioni pale mbele.

Bilal (r.a.) aliadhini juu ya paa la nyumba iliyokuwa jirani na Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Hakuwa na umeme. Alitafuta mahali pa juu.

Sadaka ni amana, na Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, inakemea ubadhirifu. Wanakamati, mleteni kwanza fundi wa sauti apime. Kitakachobaki mpeni ustadhi wa madrasa, ambaye miezi inapita anafundisha bila posho. Sauti yake nayo inahitaji kusikika.

Wabillahi tawfiq.