Saa za Kujisomea Ni za Nani?

Tuchukue mfano wa nyumba moja kwetu Itumbe. Mume ana miaka 38, ni fundi wa vyombo vya elektroniki. Aliisomea kazi hiyo, ana kibanda sokoni, na amelisha watoto kwa kulehemu bodi za redio, simu na kompyuta. Sasa wateja wanapungua: chombo kikiharibika, wengi hununua kingine. Ameamua kuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Chuoni haendi. Anajisomea usiku kwa kompyuta kuukuu aliyoifufua kwa mikono yake. Mke anachuma majani ya chai na kulea watoto. Bonasi ya chai ikija, wanabishana kati ya karo na bando za intaneti.

Je, mume huyu anatenda haki?

Usikimbilie kujibu, maana hoja yake ina uzito. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, watu wengi hawakuhitaji simu mpya. Simu ileile ya kubonyeza ilipewa kazi mpya, ikawa mkoba wa fedha. Fundi aliyeona hayo hakosei akisema thamani imehama kutoka kwenye chuma hadi kwenye maagizo yanayokiendesha. Masomo nayo yapo: freeCodeCamp, iliyoanzishwa mwaka 2014, haidai hata senti, na lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, hupakuliwa bure. Wala haanzi mikono mitupu. Fundi anayetafuta hitilafu huigawa saketi, akapima hapa, akapima pale, mpaka kosa libaki mahali padogo. Makosa ya programu hutafutwa vivyo hivyo.

Lakini neno "bure" ndilo linalodanganya. Chuo kina ada inayojulikana na siku ya kumaliza. Anayejisomea hana kengele. Anasema miezi sita, kisha mwaka, na hakuna mwalimu wa kumwambia amefaulu au ameshindwa. Cheti cha kuwaonyesha wakwe hana. Tena siku hizi kompyuta zenyewe huandika programu zikielekezwa, kwa hiyo mwanagenzi hana hakika ya kazi. Mke akiuliza, "Baba watoto, haya yataisha lini?" usimwambie kwamba hana imani nawe. Ameuliza swali ambalo chuo kingelijibu siku ya kwanza.

Hapo ndipo penye suala la haki. Ulipokuwa kapera, saa za usiku zilikuwa zako. Siku mlipoahidiana mbele ya altare hamkupeana mishahara tu. Mlijitoa wenyewe, na saa zenu zikiwa humo. Ukiwa mbele ya kompyuta na mtoto ana homa, kuna mtu aliyekaa na mtoto. Huyo ndiye anayelipa ada yako. Wengi wetu waume, nami nimo, hudhani kwamba lengo likiwa jema kwa familia, ruhusa imekwisha kupatikana. Siyo. Kitu cha mwenzako ukikichukua bila kumwomba, hakiwi zawadi hata ukikirudisha na faida.

Na kuomba ni kuwa tayari kuambiwa, "Si mwaka huu, kifungua mimba amalize shule kwanza." Kama jibu hilo litakukasirisha, basi hukuwa unaomba, ulikuwa unatangaza. Nawe mama, ukikubali, kubali kweli. Usiitikie kwa mdomo kisha umhesabie kila shilingi mbele ya dada zako.

Mkishindwa kuelewana, geuzeni nafasi. Tuseme mama ndiye anayetaka kujisomea, na baba ndiye atakayebaki na uji, mtoto na ng'ombe. Baba, ungempa mwaka mzima? Ungevumilia wenzako sokoni wakikuuliza mkeo anafanya nini na kompyuta usiku wa manane? Ukisita hapo, umeanza kuijua bei ya kile ulichokuwa unamwomba.

Basi kaeni jioni moja, kompyuta ikiwa imezimwa, mfungue daftari lile la karo. Andikeni saa ngapi kwa wiki, bando za shilingi ngapi, siku ambazo kibanda lazima kifunguliwe, na tarehe ya kuangalia tena kama mnaendelea au mnaacha. Tarehe hiyo aichague mke.