Jeraha Lisilouma

Umeme ukirudi jioni hapa Dilala, mjini Kolwezi, kitu cha kwanza kuwashwa katika nyumba nyingi ni televisheni, na anayeishika rimoti ni mtoto. Mama yuko kwenye mbabula, jiko la makaa, baba hajarudi kutoka kazini, na katuni inashika zamu ya kulea. Simlaumu mzazi kwa hilo, maana shughuli za maisha ni nzito. Ila mlezi huyo anafundisha kila siku, na ni haki yetu kujua anafundisha nini.

Wengi wetu hupima katuni kwa maneno yake ya mwisho. Mhusika akisema uongo ni mbaya, au umoja ni nguvu, tunaridhika. Mimi naamini mafunzo ya kweli yako kwingine. Mtoto husahau upesi nasaha za mwisho, lakini hakisahau kilichompata yule aliyeumizwa. Basi swali langu kwa kila katuni ni hili: mtu akiumia, nini hufuata?

Chukua Tom and Jerry, ambayo imewachekesha watoto wa dunia tangu 1940. Paka hupigwa nyundo na kulipuliwa kwa baruti, na kufumba na kufumbua yuko mzima, anakimbia tena. Kucheka si dhambi. Lakini mtoto wa Kolwezi anakulia mahali ambapo baruti hupasua miamba kweli, na ardhi hufunika watu kweli. Mwezi wa Juni 2019, udongo ulibomoka katika machimbo ya KOV ukawaangukia wachimbaji wa mikono. Zaidi ya watu 30 hawakuinuka tena. Katika mji huu wapo watoto wanaojua maana ya baba kutorudi. Mtoto wa namna hiyo akilishwa tu maumivu yasiyouma, siku baada ya siku, tunamfundisha kwamba mwili wa mwenzake ni kitu cha mchezo.

Tofauti yake naiona katika Kirikou et la Sorcière, filamu ya Michel Ocelot ya mwaka 1998, ambayo watoto wa nchi zinazotumia Kifaransa wanaijua vizuri. Kijiji kizima kinamwogopa mchawi Karaba. Wakubwa wana chuki na hofu. Kirikou, mtoto mdogo kuliko wote, ana swali: kwa nini Karaba ni mbaya? Hapati jibu, mpaka babu yake anamweleza kwamba wanaume walimchoma Karaba mwiba wa sumu mgongoni, na mwiba huo unamtesa usiku na mchana. Kirikou anautoa kwa meno yake, na uovu unakwisha. Hakuna anayesimama kuhubiri. Mtoto aliye mbele ya kioo anajionea mwenyewe kwamba ubaya una chanzo, kwamba maumivu ni ya kweli, na kwamba aliyeumizwa anaweza kuponywa.

Wala tusidhani mambo hayo ni mazito mno kwa watoto. Baada ya uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991, Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Sankuru na mmoja wa waanzilishi wa sinema ya michoro katika nchi yetu ya Kongo, alitengeneza Septembre noir, akitumia michoro ya watoto walioyaona yaliyotokea. Watoto hao walikuwa wameona na walikuwa na la kusema. Kilichohitajika ni mtu mzima wa kuwasikiliza.

Hapo ndipo nkambo zetu, mababu na mabibi, walipotupita. Jioni walipotusimulia za sungura na fisi, walikatiza hadithi katikati wakatuuliza: ungekuwa wewe ungefanya nini? Televisheni haiwezi kungoja jibu la mtoto. Mzazi anaweza. Hata kama ni kwa dakika chache, tuketi pamoja na watoto tuulize maswali matatu: Nani ameumia? Nani amemuumiza, na kwa sababu gani? Sasa nani atalitengeneza jambo hilo?

Maswali hayo yanaingia vizuri zaidi katika lugha ya nyumbani. Katuni nyingi zinazotufikia zinasema Kifaransa, na mtoto ambaye hajaanza shule anafuata picha tu. Tanzania wameonyesha njia: shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, kisha likaleta hadithi za Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro. Nasi, Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Vituo vya televisheni vya jimbo letu la Lualaba navyo viwape watoto wetu nafasi katika lugha hiyo, na vijana wetu wanaojua kuchora wapewe kazi.

Dunia inauangalia mji huu kwa sababu ya shaba na kobalti. Kesho watoto wetu ndio watakaokuwa mainjinia, madereva wa malori, wakubwa wa machimbo na viongozi wa jimbo. Watahesabu faida, na ni vizuri wahesabu. Lakini nataka kila mmoja wao, kabla ya kutia sahihi au kutoa amri, awe na mazoea ya kuuliza nani ataumia. Mazoea hayo hayaanzi ofisini. Yanaanza utotoni, mbele ya televisheni hiyo hiyo, kama mzazi atakuwa karibu.