Stika ya Ukaguzi wa Magari na Wajibu wa Kujua

Stika ya ukaguzi ni kipande cha karatasi kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari ili kutoa habari moja tu: kwamba siku fulani mtu mwenye mamlaka aliliangalia gari hili na hakuona sababu ya kulizuia. Nchini Tanzania inayofahamika zaidi ni ile ya Nenda kwa Usalama Barabarani, inayotolewa kwa malipo na polisi wa usalama barabarani sambamba na wiki yenye jina hilo. Nyuma yake iko Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya mwaka 1973, inayokataza gari bovu kuwa barabarani na kuwapa polisi uwezo wa kulikagua. Wapo wanaotaka stika ifutwe na wapo wanaoitetea, na kwa kawaida mabishano yao huishia kwenye ada na usumbufu. Lakini chini ya ada kuna swali la zamani kuliko magari. Mwenye chombo kinachoweza kuua ana wajibu gani wa kukijua? Na je, wajibu huo unaweza kuhamishwa kwenda kwa mtu mwingine kwa njia ya karatasi?

Mkoani Simiyu swali hili si la vitabuni. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza na kufanya Bariadi makao makuu yake, umepata barabara ya lami inayotoka Mwigumbi, kupita Maswa na Bariadi, hadi Lamadi kwenye njia kuu ya Mwanza na Musoma. Kwenye barabara ya vumbi na mashimo, ubovu wa gari ulikuwa na mlinzi wake: mwendo ulikuwa mdogo, na breki dhaifu ilipata nafasi ya kutosha. Lami haikubadilisha magari, ilibadilisha mwendo. Gari lilelile lenye tairi kipara sasa linakimbia, na msimu wa pamba unapofika linakimbia katikati ya maroli ya marobota, Hiace za abiria, bodaboda, baiskeli na makundi ya ng'ombe yanayovuka kwenda malambo. Tarehe 11 Januari 2022, wilayani Busega, gari lililobeba waandishi wa habari liligongana na Hiace ya abiria, na watu wasiopungua 14 wakafa. Katika misiba kama hiyo ndipo Kiswahili husema kwamba ajali haina kinga.

Msemo huo unastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake mna hoja ya kidini. Neno ajali limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliokadiriwa, ukomo wa uhai wa mtu alioandikiwa na Mungu. Kiswahili kimelichukua neno hilo na kulitwika maana mbili: tukio la ghafla lenye madhara, na siku ya mtu iliyokwisha kupangwa. Mzungumzaji anapoliweka tukio la barabarani chini ya neno hili, tayari amelisogeza karibu na kudura. Ikiwa siku imefika, kinga ya nini? Na ikiwa hakuna kinga, ukaguzi nao ni wa nini?

Wanazuoni wa Kiislamu hawakuliacha swali hilo wazi. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu mmoja alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache tu na kutegemea. Jibu lilikuwa afunge kwanza. Kumtegemea Mungu hakuondoi kamba. Zaidi ya hapo, ajali kwa maana ya ukomo wa maisha ni elimu ya Mungu peke yake, na mtu hawezi kujenga udhuru juu ya jambo asilolijua. Analolijua dereva ni kwamba kanyagio la breki siku hizi linazama chini kuliko zamani. Hilo ndilo atakaloulizwa.

Biblia inalifikia jambo hilohilo kupitia ng'ombe, mfano ambao wafugaji wa Itilima na Meatu, wilaya za Simiyu, hawahitaji kuelezwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinatenganisha kesi mbili. Fahali akimpiga mtu pembe na kumuua, fahali huuawa na mwenye mali hana hatia. Lakini kama fahali alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe alishaonywa lakini hakumfunga, basi damu iko juu ya mwenye fahali. Katika kesi zote mbili mnyama ni mmoja, pembe ni ileile, maiti ni ileile. Tofauti yote imo katika jambo moja lisiloonekana kwa macho: je, mwenyewe alijua? Sheria hiyo inaufanya ujuzi wa mmiliki kuwa mpaka kati ya msiba na kosa.

Hapo linaingia tatizo ambalo sheria ya fahali haikulimaliza. Ikiwa hatia huanzia pale mtu anapojua, basi asiyetaka hatia anaweza kuchagua kutojua. Asilipeleke gari kwa fundi. Asiulize mlio ule wa gurudumu la mbele unatoka wapi. Mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford aliifunga njia hiyo ya kutorokea katika insha yake ya mwaka 1877 juu ya maadili ya kuamini. Alimweleza mwenye meli aliyekuwa karibu kuisafirisha meli yake kuukuu, imejaa familia zinazohamia ughaibuni. Alikuwa na mashaka nayo. Badala ya kuikagua aliyatuliza mashaka hayo: meli imeshavuka bahari mara nyingi, na Mungu hatashindwa kuzilinda familia hizi. Akafika mahali pa kuamini kwa moyo mweupe kwamba meli ni salama. Ilipozama, akapokea fidia ya bima na kunyamaza. Clifford anashikilia kwamba mtu huyo ana hatia ya vifo vile, tena unyofu wa imani yake haumsaidii, kwa sababu imani hiyo hakuipata kwa kuchunguza, aliipata kwa kuzima shaka. Kisha anaongeza jambo gumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata chembe.

Kwa kipimo hicho, Hiace inayotoka Bariadi asubuhi na kufika Lamadi bila tatizo haijamsafisha mmiliki ambaye hakutaka kujua hali ya stelingi yake. Na kwa kipimo hichohicho stika inaweza kuwa mojawapo ya mambo mawili yanayopingana kabisa. Inaweza kuwa alama kwamba mashaka yalichunguzwa: gari lilipandishwa kwenye shimo la gereji, magurudumu yakatikiswa, breki zikajaribiwa, kasoro zikaandikwa. Au inaweza kuwa dawa ya kutuliza mashaka, sababu mpya ya kuamini bila kuangalia, tena sababu yenye muhuri. Mwenye meli wa Clifford alilazimika kujidanganya kwa juhudi zake mwenyewe. Mwenye gari lenye stika iliyobandikwa bila gari kuguswa amepunguziwa kazi hiyo.

Kuhusu haki ya dola kulazimisha ukaguzi, hoja ya John Stuart Mill katika kitabu chake juu ya uhuru, cha mwaka 1859, ndiyo inayotajwa mara nyingi. Mill anakubali kwamba mtu anayekaribia kuvuka daraja linalojulikana kuwa bovu anaweza kushikwa na kurudishwa nyuma, ikiwa hakuna muda wa kumwonya, kwa kuwa hakukusudia kuanguka mtoni. Kwa abiria wa stendi ya Bariadi mfano huo unafaa moja kwa moja. Anapanda gari asiloweza kulikagua, na kondakta hampi nafasi ya kuinama kuangalia tairi. Kumzuilia gari bovu ni kumtimizia nia yake. Kwa mtu anayeendesha gari lake peke yake hoja inalegea, ingawa haikatiki, maana barabara si yake peke yake.

Ila kulazimisha wajibu ni jambo moja, na kulazimisha alama ya wajibu ni jambo jingine. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta kuzunguka dari, mtu asije akaanguka. Wajibu uko wazi, wala hakuna cheti kinachotajwa. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwepo muhtasib, msimamizi wa soko na njia. Al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1058, anaeleza kwamba miongoni mwa kazi zake ni kuwazuia wenye vyombo vya majini wasipakie kupita kiasi na wasing'oe nanga upepo unapokuwa mkali. Hapa kuna hekima ambayo stika haina. Muhtasib anasimama bandarini chombo kinapopakiwa, akitazama shehena ya leo na upepo wa leo.

Kanda ya Ziwa ililipa gharama kubwa kwa kulisahau hilo. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kiliundwa kubeba watu 101, na waliokufa walikuwa 228. Chombo hukaguliwa kikiwa kitupu na kimetulia. Huua kikiwa kimejaa. Vivyo hivyo Fuso iliyopita ukaguzi mwezi wa tatu si Fuso ileile mwezi wa saba, marobota yanapofika juu na vijana wameketi juu ya marobota.

Uzoefu wa nchi nyingine unawapa nguvu wanaotaka ukaguzi wa lazima ufutwe. Nchini Norway magari 204,000 yaligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi yaliyokaguliwa kwa viwango tofauti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 hayakuonyesha kwamba ukaguzi ulipunguza ajali. Marekani, uchunguzi wa taifa wa ajali za miaka ya 2005 hadi 2007 uliona kwamba hitilafu ya gari ilikuwa kiungo cha mwisho kabla ya ajali katika asilimia 2 hivi, tairi na breki zikiongoza. New Jersey iliacha kukagua ubovu wa mitambo ya magari ya watu binafsi mwaka 2010. Texas ilifuata tarehe 1 Januari 2025, ikayabakiza magari ya biashara chini ya ukaguzi, na ikaendelea kuwatoza wenye magari binafsi dola 7.50 kufidia mapato ya programu iliyofutwa. Huko jicho liliondolewa na malipo yakabaki.

Takwimu hizo ni za kweli, lakini kuzihamishia Simiyu kunahitaji uangalifu. Ukaguzi wa Norway ulikutana na magari ambayo wenyewe wangeyatengeneza hata bila kulazimishwa, katika nchi yenye vipuri halisi na mafundi waliosomea. Magari mengi ya Bariadi yalikwisha kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari, na hapa kipuri cha bei nafuu kinaweza kuwa kile kilichotolewa kwenye gari lingine bovu. Pale ambapo ubovu ni wa kawaida, ukaguzi wa kweli una kazi kubwa zaidi ya kufanya. Asilimia 2 ya Marekani haisemi chochote kuhusu asilimia ya hapa.

Afrika Mashariki nayo ina funzo lake. Uganda iliipa kampuni ya SGS mkataba wa ukaguzi wa lazima wa magari mwaka 2015, na vituo vikajengwa. Malalamiko juu ya ada na uhalali yakafika bungeni, na mwaka 2017 Bunge likataka ukaguzi huo usitishwe. Mashine zilikuwepo; kilichokosekana ni wananchi kuamini kwamba wanakaguliwa kwa ajili ya uhai wao. Mwaka huohuo Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni za magari katika bajeti ya 2017/18, ikaongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya mafuta. Karatasi ile ilitoweka kwenye vioo bila barabara kupata hasara, kwa sababu ilikuwa risiti na si kitu kingine. Risiti inaweza kuhamia kwenye pampu ya mafuta. Ushuhuda hauwezi.

Kasoro ya stika ya usalama imo hapo: inalipiwa kama risiti na kusomwa kama ushuhuda. Mahakamani, shahidi anayelipwa na yule anayemtolea ushahidi hutiliwa shaka hata akisema kweli, na hapa anayelipa ni mwenye gari. Kwa gari binafsi, basi, kuifuta stika ni halali na hata ni afadhali, mradi wajibu wa mwenye gari na uwezo wa polisi kulisimamisha gari bovu vibaki kama vilivyo katika sheria ya 1973. Kinachopotea ni alama ambayo tayari ilikuwa ikimnong'oneza mmiliki kwamba kuna mwingine aliyeangalia kwa niaba yake.

Kwa gari la abiria na la mizigo hoja inageuka. Abiria hawezi kujua mwenyewe, kwa hiyo lazima awepo anayejua kwa ajili yake, na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kushika nafasi ya SUMATRA, tayari inatoa leseni za vyombo hivyo. Ukaguzi wake unahitaji kuwa mara nyingi zaidi, ufanyike pia gari likiwa limepakiwa, stendi na kwenye vituo vya kununulia pamba, na gharama yake isitoke mfukoni mwa anayekaguliwa siku ya ukaguzi. Tena matokeo yake yasiwe ndiyo au hapana kwenye kioo. Bima ya magari Tanzania imekwisha kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki unaomwezesha askari kuthibitisha barabarani. Mfumo wa aina hiyo unaweza kutunza orodha ya kasoro: breki ya nyuma kushoto, tarehe fulani, mmiliki kaonywa. Gari hilo likiua mtu wiki tatu baadaye kwa breki ileile, hakimu wa Bariadi atakuwa na mbele yake kile ambacho kitabu cha Kutoka kilikidai kwa mwenye fahali, yaani uthibitisho kwamba aliambiwa na hakufunga.

Bodaboda inabaki nje ya hayo yote. Haina kioo cha kubandika kitu, na ndiyo inayobeba wagonjwa, wanafunzi na akina mama wajawazito kutoka vijijini ambako Hiace hazifiki. Ni chombo ambacho abiria anakiona chote kabla ya kupanda: mnyororo, tairi, taa, na macho ya dereva kama amelala usiku uliopita. Huyo abiria bado ana nafasi ya kujua mwenyewe, na dereva anaketi umbali wa shubiri moja kutoka kwa mtu ambaye uhai wake ameushika.