Amana ya Sauti: Maadili ya Kukusanya Rekodi za Bluzi

Kukusanya rekodi za muziki huonekana kwa wengi kuwa burudani ya mtu binafsi isiyohitaji kuhojiwa, kwa kuwa mwenye fedha na nafasi hununua akipendacho, hukipanga kabatini na kukisikiliza apendapo. Hata hivyo, pale kinachokusanywa ni bluzi, yaani muziki uliochipuka miongoni mwa Waamerika Weusi wa kusini mwa Marekani katika vizazi vya mwanzo baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, jambo hilo hugeuka kuwa swali la maadili. Sehemu kubwa ya urithi huo ni sauti za watu walioimba juu ya deni, jela, mafuriko, kufiwa na kuachwa, nao walirekodiwa katika mazingira ambayo hawakuwa na uwezo wa kuyatawala. Je, ni haki kwa msikilizaji kujikusanyia na kuyafurahia mateso ya mwingine yaliyogeuzwa wimbo, na ikiwa ni haki, ni kwa masharti gani? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba rekodi hizi ni amana kabla ya kuwa mali, na kwamba mkusanyaji huhukumiwa kwa namna anavyoitunza amana hiyo.

Ili swali lieleweke, ni lazima kwanza itazamwe njia ambayo sauti hizo zilipitia hadi kufika sokoni. Baada ya utumwa, wakulima wengi Weusi wa majimbo kama Mississippi walifungwa katika kilimo cha kugawana mavuno, ambapo asiye na ardhi hulima pamba katika shamba la tajiri, hukopeshwa chakula na mbegu, na mara nyingi humaliza mwaka akidaiwa kuliko alivyoanza. Katika mashamba hayo, na katika kambi za wakata miti na kumbi za ngoma za Jumamosi usiku, ulikomaa wimbo ambao ubeti wake kwa kawaida una mistari mitatu: wa kwanza husemwa, wa pili huurudia, na wa tatu hujibu. Mwezi Agosti 1920, huko New York, Mamie Smith aliirekodia kampuni ya OKeh wimbo wa "Crazy Blues", na mauzo yake yakawadhihirishia wafanyabiashara kwamba Waamerika Weusi walikuwa tayari kununua muziki wao wenyewe. Kampuni zikaanzisha mifululizo maalumu ya rekodi zilizotangazwa kwa wanunuzi Weusi pekee, zikamrekodi Bessie Smith kuanzia mwaka 1923, na miaka michache baadaye Blind Lemon Jefferson, kipofu wa Texas aliyeimba peke yake na gitaa lake.

Mfano wa kampuni ya Paramount unaonyesha jinsi urithi huu ulivyotegemea hesabu za biashara. Kampuni hiyo ilikuwa tawi la kiwanda cha samani cha Wisconsin, ambacho pamoja na viti kilitengeneza makabati ya gramafoni, na rekodi zilikuwa kwake bidhaa ya kusukuma bidhaa nyingine. Santuri zake, kama santuri nyingi za wakati huo, zilizunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu za sauti kila upande, na zilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye shelaki, yaani utomvu mgumu unaotokana na wadudu wadogo. Nazo zilifinyangwa kwa malighafi hafifu kiasi kwamba mkwaruzo wa sindano unashindana na sauti ya mwimbaji. Charley Patton, Son House na Skip James walirekodiwa na kampuni hiyo kati ya mwaka 1929 na 1931, kipindi ambacho mdororo mkuu wa uchumi ulianza na kuwafanya wanunuzi kutoweka, na waimbaji wa aina yao kwa kawaida walilipwa mkupuo mmoja bila fungu lolote la mauzo ya baadaye. Baadhi ya nyimbo hizo leo zinajulikana kwa sababu tu nakala chache mno zilinusurika katika nyumba za watu.

Kutokana na historia hiyo, pingamizi la kwanza dhidi ya mkusanyaji linajitokeza lenyewe, nalo ni kwamba anajistarehesha kwa huzuni asiyoilipia. Pingamizi hili lina ukoo mrefu katika fikra za dini. Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyeandika Maungamo mwishoni mwa karne ya nne, alikiri katika kitabu cha kumi cha maandiko hayo kwamba kila alipoguswa na uzuri wa sauti kuliko na jambo lililoimbwa, alijiona ametenda dhambi. Lakini hakuthubutu kuuondoa wimbo kanisani, kwa sababu alikumbuka machozi aliyoyatoa kwa nyimbo hizo alipokuwa mgeni katika imani. Hofu yake inamhusu moja kwa moja msikilizaji wa bluzi, kwani anayesifu ulaini wa gitaa bila kusikia habari ya mtu aliyefukuzwa nyumbani na mafuriko amechukua ganda na kuacha kiini.

Hata hivyo, pingamizi hilo halifiki mbali, kwa sababu linamchukulia mwimbaji kama mtu aliyekuwa akilia tu huku wengine wakimsikiliza. James Cone, mwanateolojia Mweusi aliyelelewa Arkansas, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972, The Spirituals and the Blues, kwamba bluzi ni ndugu wa nyimbo za kiroho za watumwa, iliyovuliwa vazi la kanisa lakini ikabaki na kazi ileile ya kuutangaza ubinadamu wa watu ambao sheria na desturi ziliwanyima. Hoja yake inapata nguvu mtu akisoma Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kumalizikia gizani bila shukrani wala faraja, na bado Wayahudi na Wakristo wameihifadhi kama sala. Kuisema huzuni kwa vina, kwa mpangilio na kwa mizaha pale inapobidi ni tendo la akili na la hiari, na mwenye kulitenda anataka asikilizwe. Kwa hiyo furaha ya msikilizaji si wizi. Mwimbaji mwenyewe aliiandaa, na huwa dhambi pale tu inapoipokea sauti na kuukataa ujumbe.

Suala la pili linahusu mpaka kati ya takatifu na ya kidunia, na hapa mkusanyaji hukumbana na uamuzi ambao wengi huupita bila kuuona. Makanisa mengi ya Waamerika Weusi yaliiita bluzi muziki wa shetani, nazo kampuni za rekodi zikaufuata mgawanyo huo kwa majina ya kubuni: Blind Lemon Jefferson alitolewa kama Shemasi L. J. Bates alipoimba ya dini, na Charley Patton akawa Mzee J. J. Hadley. Watu wenyewe hawakugawanyika kwa urahisi hivyo. Son House alikuwa mhubiri wa Kibaptisti kabla ya kushika gitaa, na wimbo wake "Preachin' the Blues" wa mwaka 1930 unaidhihaki mimbari na kuitamani kwa wakati mmoja, kwa sauti ileile ya ukali inayomfaa mhubiri. Thomas Dorsey, aliyepata umaarufu mwaka 1928 kwa nyimbo za mizaha ya mapenzi akiitwa Georgia Tom, alifiwa na mkewe aliyekuwa akijifungua na mtoto wao mchanga mwaka 1932, na kutokana na msiba huo akatunga "Take My Hand, Precious Lord", mojawapo ya nyimbo zilizojenga muziki wa injili wa karne nzima.

Ushahidi mzito kuliko wote katika suala hili ni rekodi iliyofanywa Dallas mwezi Desemba 1927 na Blind Willie Johnson, mwinjilisti kipofu aliyerekodi nyimbo za dini pekee. Katika "Dark Was the Night, Cold Was the Ground", wimbo unaotokana na utenzi wa kale kuhusu Yesu akiomba usiku wa kabla ya kukamatwa, Johnson hatamki neno hata moja. Huguna na kuugua huku akitelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi za gitaa, kiasi kwamba gitaa humalizia mguno ambao koo limeuachia katikati, na msikilizaji hushindwa kutenganisha pumzi na waya. Kwa mujibu wa maudhui hiyo ni sala. Kwa mujibu wa mbinu ni bluzi tupu. Mwaka 1977 rekodi hiyo ilitiwa katika sahani ya dhahabu iliyopelekwa angani na vyombo vya Voyager, ilhali mwenye sauti alikuwa amefariki mwaka 1945 huko Beaumont, Texas, katika ufukara. Mkusanyiko unaoiacha kwa kisingizio kwamba ni ya dini unasema uongo juu ya watu walioutunga muziki huu.

Suala la tatu ni la hukumu: ni nani anayeamua kwamba rekodi fulani ni kuu? Katika miaka ya 1920 wanunuzi Weusi waliwapenda Bessie Smith na Ma Rainey, na kuanzia mwaka 1928 Leroy Carr, mpiga piano wa Indianapolis aliyeimba kwa utulivu wa mtu wa mjini. Lakini kuanzia miaka ya 1940 kikundi kidogo cha wakusanyaji Wazungu wa New York, akiwemo James McKune aliyekuwa akiishi katika chumba cha hosteli huko Brooklyn, kiligeuza mizani hiyo, kikawatukuza wanaume wapweke wa Mississippi wenye sauti kavu ambao santuri zao kwa kawaida hazikuuzwa sana. Robert Johnson, aliyerekodi nyimbo 29 mjini San Antonio na Dallas mwaka 1936 na 1937 na kufariki mwaka uliofuata, alifahamika duniani hasa baada ya albamu ya mwaka 1961 iliyomvika taji la ufalme wa bluzi ya Mississippi.

Wakusanyaji hao wanastahili shukrani kubwa, kwa kuwa bila subira yao sehemu ya muziki huu isingesikika tena. Ni kwa kufuata jina la kijiji lililotajwa katika santuri ya mwaka 1928 ndipo Mississippi John Hurt alipopatikana hai mwaka 1963 huko Avalon na kupandishwa tena jukwaani. Lakini kosa lao nalo halina budi kutajwa. Waliuchanganya uadimu na ubora, na kwa kumpenda mwimbaji mpweke wakawasukuma pembeni wanawake walioifungua njia, pamoja na jamii iliyokuwa ikicheza, ikicheka na kuitikia. Uchache wa nakala ni habari ya soko na ya bahati, hauthibitishi lolote kuhusu uzito wa wimbo.

Dhana ya amana, kama inavyofahamika katika maadili ya Kiislamu na katika desturi za jamii nyingi za Waswahili, inatoa kipimo kilicho bora zaidi. Amana ni kitu alichokabidhiwa mtu akishike kwa niaba ya mwenyewe, akilinde kisiharibike, asikibadili, na akitoe kinapohitajiwa. Mwanafalsafa Walter Benjamin aliandika mwaka 1931 kwamba kumiliki ndiko uhusiano wa karibu kabisa ambao mtu aweza kuwa nao na vitu, na kwa vitabu vyake huenda alisema kweli. Lakini sauti ya binadamu ina mwenyewe hata baada ya kifo chake. Kwa hiyo mkusanyaji ana wajibu wa kulihifadhi jina la mwimbaji, la mpigaji na la mtunzi, pamoja na mahali na mwaka. Wajibu wa kuchagua, pale awezapo, matoleo yanayowalipa warithi. Na wajibu wa kuwasikilizisha wengine, kwa maana santuri iliyofungiwa ili bei yake ipande ni amana iliyofanyiwa hiana.

Kipimo hicho hubadili hata uteuzi wenyewe. Mwaka 1941 Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk walimrekodi Muddy Waters katika shamba la Stovall huko Mississippi alikokuwa kibarua. Mwaka 1948, akiwa tayari amehamia Chicago, aliurekodi upya mmoja wa nyimbo zile kwa gitaa la umeme na jina jipya. Mkusanyiko unaoziweka rekodi hizo mbili bega kwa bega humwonyesha msikilizaji uhamaji wa mamilioni ya Waamerika Weusi kutoka mashambani kwenda viwandani, jambo ambalo rekodi moja adimu haiwezi kulifanya. Vivyo hivyo albamu ya B. B. King iliyorekodiwa katika ukumbi wa Regal, Chicago, mwaka 1964, inastahili nafasi ya mbele kwa sababu ndani yake umati unasikika ukipiga kelele kila anapolivuta neno, na hapo hudhihirika kwamba bluzi ilikuwa mazungumzo tangu mwanzo.

Swali hili si geni kwa wasomaji wa Kiswahili, kwa kuwa biashara ileile ya santuri ilifika pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ileile: mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo ambazo leo zinapatikana kwa shida. Anayejifunza kuwatendea haki Bessie Smith na Blind Willie Johnson amejifunza pia wajibu wake kwa sauti za kwao.

Anayeanza leo hahitaji utajiri. Na aanze na rekodi kumi, za wanawake na wanaume, za kanisani na za ukumbini. Ajue jina la kila mwimbaji na mahali aliporekodiwa. Azisikilize mpaka asikie kinachosemwa na si namna kinavyosemwa tu. Kisha amwite mwenzake wasikilize pamoja. Asiye tayari kulitimiza hilo la mwisho ni afadhali awaachie wengine kazi ya kukusanya.