Udhuru wa Tabibu

Katika kituo kimoja cha afya mashambani Kilifi, ambako daktari wa shahada haonekani ila kwa nadra, na kazi yote ya kuwapokea wagonjwa iko mikononi mwa afisa wa kliniki aliyesoma miaka mitatu ya diploma na kufanya mwaka mmoja wa mazoezi, nilimsikia bibi mmoja akiuliza swali ambalo tangu siku hiyo sijaacha kulitafakari. Tabibu alikuwa amembonyeza ukucha mjukuu wake mwenye homa kali, akaachia, akahesabu kimoyomoyo mpaka wekundu ukarejea. Kisha akamtoboa kidole, akaona malaria, akaandaa sindano, wala hakuigusa chupa ya maji ya chumvi ambayo bibi alikuwa akiitazama kwa matumaini.

"Mwanangu," bibi akasema, "mjomba wake huyu alipougua hivi, mlimtia maji mbio mbio, mkasema ndiyo dawa. Leo huyu mwamnyima. Basi tushike lipi?"

"Bibi, siku zile tulifanya tulivyofundishwa," akajibu tabibu kwa upole. "Sasa tumejua vingine."

Bibi hakuridhika, na mimi simlaumu, kwani ni vigumu kuikabidhi roho ya mtoto kwa elimu inayogeuka.

Lakini elimu hiyo iligeuzwa na nini? Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwamo, juu ya watoto 3,141 walioletwa hospitalini na homa kali huku mzunguko wa damu yao umedhoofu. Kuwamiminia maji mshipani kwa haraka lilikuwa jambo lililoandikwa vitabuni na kusifiwa. Lakini katika saa 48 za kwanza walifariki watoto 7 hivi katika kila 100 wasiomiminiwa, na zaidi ya 10 katika kila 100 waliomiminiwa, hata utafiti ukasimamishwa kabla ya kutimia. Naomba habari hii isisikiwe nusu: watoto wa kuhara hawakuhesabiwa humo, na kwao maji ni uhai hata leo. Anayeidaka habari ya utafiti kwa sikio moja, akaenda kutangaza kwamba maji ya mshipani huua, aweza kumdhuru mtoto wa jirani kuliko maradhi yenyewe.

Mafakihi wa Kiislamu walikwisha kulitazama jambo la dhamana ya tabibu. Mwenye kutibu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba hudhaminishwa madhara aliyoyatenda, hata nia yake ikiwa safi kama maziwa. Ama aliyehitimu, akaruhusiwa, wala asivuke mpaka wa fani yake, hasumbuliwi kwa ajali iliyompita uwezo. Yakini kamili hawakuidai, kwa kuwa yakini hiyo ni ya Mungu, na mja hutenda kwa dhana yenye nguvu. Nakubaliana nao, lakini naona udhuru huo una umri wake. Aliyemmiminia mtoto maji mwaka 2005 alikuwa na ujinga ambao ulimwengu mzima ulishirikiana naye, na sioni taksiri juu yake. Ama aliyeendelea kufanya vivyo hivyo miaka mingi baada ya habari kuenea, kwa sababu tu cheti chake kimo katika fremu ukutani, huyo elimu yake imekwisha kufa, naye anatibu kwa jina lake tu.

Kwa hiyo kauli ya tabibu yule, iliyomtia shaka bibi, mimi iliniongezea imani. Ilimpasa kukiri mbele ya mwanamke mzee, na mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, kwamba aliyoyafanya jana kwa nia njema huenda yaliwadhuru baadhi ya watu. Na kukiri huko ni kuzito kuliko kutundika chupa ambayo kila mtu alitaka itundikwe.

Nawe, msomaji, ukimtafuta tabibu wa karibu nawe, kwanza hakikisha kwamba ameandikishwa na baraza linalosimamia kazi yake. Kisha umuulize kwa adabu ni tiba gani aliyofundishwa chuoni ambayo sasa ameiacha, na kwa nini.