Nani Amwambie Mvuvi Aridhike?

Kipo kisa ambacho watu wengi wa Pwani wameshasimuliwa, kama si kwenye mahafali basi kwenye simu. Mvuvi amejilaza kando ya chombo chake. Mgeni mwenye fedha anapita, anamuuliza kwa nini hajarudi baharini akavue zaidi, anunue mashua ya pili, kisha ajenge kiwanda, mpaka siku moja aweze kustarehe. Mvuvi anamjibu kwamba anastarehe sasa hivi, bila mashua ya pili wala kiwanda. Wasikilizaji hucheka na kutikisa vichwa, na msimulizi humaliza kwa kutuasa turidhike na tulicho nacho.

Mimi ni binti wa mvuvi wa Bagamoyo, mwalimu mstaafu, na kisa hiki kimenikera kwa miaka mingi. Si kwamba ni kibaya. Ni kizuri, ila anasimuliwa asiyehusika nacho.

Aliyekiandika ni Mjerumani, Heinrich Böll, mwaka 1963, kwa ajili ya kipindi cha redio cha Mei Mosi. Ujerumani Magharibi ya wakati ule ilikuwa imeinuka kutoka kwenye vifusi vya vita: viwanda vinafanya kazi usiku na mchana, watu wananunua magari na friji, na hakuna aliyejua pa kukomea. Böll, ambaye mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, alikuwa akiwachokoza watu walioshiba. Tena katika kisa chenyewe mna jambo ambalo wasimulizi wetu huliruka. Mvuvi yule alikuwa ameshatoka baharini asubuhi ileile. Alikuwa amepata kambakochi wanne na vibua karibu dazeni mbili, akasema vinamtosha kwa kesho na keshokutwa pia. Hakujilaza kwa kuwa ana moyo wa kuridhika tu. Alijilaza kwa kuwa riziki ya siku tatu ilikuwa mkononi.

Baba yangu hakuwa na siku tatu mkononi. Alikuwa baharia kwenye chombo cha mtu, na mwenye chombo kwetu huitwa tajiri, hata kama naye anadaiwa. Walivua dagaa kwa taa, katika usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukipevuka chombo kilikaa pwani. Kusi likichachamaa, hakuna aliyethubutu kutoka. Dagaa wakipatikana, ziliondolewa kwanza gharama, kisha tajiri akachukua fungu la chombo na fungu la nyavu, na kilichobaki ndicho walichogawana mabaharia. Barafu ilikuwa ya shida, basi mnadani muuzaji hakuwa na sauti: jua likipanda bei inashuka, na mnunuzi anajua, anangoja. Siku za mbalamwezi mama alikwenda kukopa kwa tajiri yuleyule, na deni hilo ndilo lililomfunga baba asihamie chombo kingine.

Baba huyo alikuwa na shukrani kuliko wengi ninaowajua. Akimaliza ugali wake kwa dagaa, alisema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyekula pilau ya harusini. Lakini alitaka zaidi, na alijua anachokitaka: mtumbwi wake mwenyewe na jarife lake, asigawane na mtu asiyelowa. Mama alitaka bati badala ya makuti, maana kila masika tulirundikana kwenye kona moja ya chumba isiyovuja. Mimi nilitaka viatu vya shule. Nimeitazama orodha hiyo mara nyingi na sioni dhambi ndani yake.

Wala dini haioni. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika dua zake aliomba kinga ya Mwenyezi Mungu dhidi ya ukafiri na ufukara, akavitaja pamoja. Jambo ambalo Mtume aliomba akingwe nalo haliwezi kuwa zawadi ya kumpongezea maskini. Jirani zetu Wakristo nao wanayo, katika sura ya 30 ya Mithali, dua ya mzee Aguri: asipewe umaskini wala utajiri, apewe chakula cha kumtosha, kwa sababu akishiba mno atamkana Mungu, na akikosa kabisa ataiba. Mzee yule aliogopa pande zote mbili. Wahubiri wetu wengi huchukua upande mmoja tu wa hofu yake, na mara nyingi si ule unaowahusu waliokaa safu ya mbele.

Basi ugonjwa wenyewe uko wapi? Surat Takathur, sura ya 102 ya Qur'ani, haimkemei mama anayetafuta bati. Inakemea kushindana kwa wingi, mashindano yanayompumbaza mtu mpaka anafikishwa makaburini. Haja yenye jina huisha inapopatikana. Bati lilipopigwa, mvua ilinyesha nasi tukalala. Baba aliupata mtumbwi wake uzeeni, mtumbwi wa mwembe, na sikumsikia akitamani wa pili. Alilalamikia bei ya nyavu tu, mpaka mwisho. Lakini haja ambayo jina lake ni jirani haina mwisho, kwa kuwa jirani naye hatulii. Yuko mwenye vyombo mmoja niliyemfahamu vizuri. Mashua ya kwanza ilimlipia madeni na kumsomeshea watoto. Ya pili ilimpa nyumba. Nilipomuuliza ya tatu anaitakia nini, alinitajia jina la mtu.

Hicho ni kipimo cha kwanza: zaidi unayoitafuta inaitwaje? Kipimo cha pili ni kuuliza nani anailipia. Kwa miaka mingi pwani ya Tanzania imeteswa na uvuvi wa baruti, ijapokuwa sheria inaukataza. Mlipuko mmoja huua kila kilichopo pale, samaki wakubwa kwa wadogo, na wengine huzama bila kuokotwa. Matumbawe, ambayo ndiyo nyumba ya samaki, huvunjika vipandevipande, na hukua polepole mno hivi kwamba aliyeyavunja anaweza kuzeeka hajayaona yakirudi. Yeye ameondoka na mtumbwi uliojaa. Wanaobaki na mwamba mtupu ni watu wengine, pamoja na watoto wao. Hapo hatuzungumzii tena juhudi ya mtu kujiinua. Ni kula sahani ya mwenzako.

Watu wa Kisiwa Panza, Pemba, wametufundisha njia nyingine. Walikubaliana kuifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa, pweza asiguswe, kisha waifungue wavune. Pweza hukua haraka, kwa hiyo anayeachwa leo akiwa mdogo huwa na uzito wa maana mwamba unapofunguliwa. Hao hawakuwa watu waliokinai, wenye vya kuchezea. Walikuwa wanataka zaidi, na wakajua kwamba zaidi hiyo haipatikani bila kila mmoja kuzuia mkono wake. Tunapenda kuziweka tamaa na subira kwenye mizani mbili, mtu achague moja. Pale kisiwani zote mbili zilifanya kazi pamoja, kwa sababu kipimo kilikuwa cha wote, na aliyengoja alijua kwamba mwenzake naye anangoja.

Mimi leo nina pensheni, ndogo lakini haikosi. Nina bati, nina viatu, na kwenye friji yangu wamo samaki wa siku tatu. Kwa hiyo zamu yangu ya kuonywa imefika. Ule wasia wa Mtume kwamba katika mambo ya dunia tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu, unanihusu mimi kabla ya mwingine yeyote. Ninapojikuta nahesabu vyumba vya nyumba ya mwalimu mwenzangu, hujiuliza ni chumba gani kwangu ambacho mvua inavuja. Hakuna. Basi hesabu hiyo ni ya mashindano, na naiacha.

Lakini sina haki ya kumpelekea wasia huo baharia anayerudi na fungu lisilotosha unga. Kwake neno la kwanza ni haki, na kuridhika kutafuata, kama kulivyofuata kwa baba. Wewe mwenye chombo, mwenye duka, mwenye shamba, au mwenye mtumishi jikoni, ukitaka kuwahubiria watu wako kutosheka, anza na mgao. Walipe kinachotosha, kwa wakati wake, halafu mhubirie mwenye chombo mwenzako.