Mtama, Maji na Siku Kumi

JUMANNE

Soma Danieli 1:8–16. Danieli alikuwa akikwepa nini katika chakula cha mfalme?

Siku hizi fungu hili husomwa sana kwenye semina za afya, na mara nyingi hufuatwa na chupa ya juisi ya kijani. Msikilizaji huahidiwa kwamba kwa siku kumi za majani, matunda na maji, mwili utatoa sumu zote, uzito utashuka na kisukari kitakwisha. Danieli alifanya hivyo, huambiwa.

Lakini katika sura hii sumu haitajwi. Neno la fungu la 8 ni unajisi. Vijana hawa walikuwa mateka Babeli, wamekwisha kubadilishiwa majina (fungu la 7), na katika chakula ndipo waliposimama wajulikane ni watu wa Mungu yupi. Siku kumi hazikuwa dozi. Zilikuwa muda mfupi ambao msimamizi wao angeweza kuthubutu, maana mkuu wake alihofia kichwa chake. Zilipokwisha, waliendelea na chakula kile kile. Tena neno la Kiebrania lililotafsiriwa “mtama” linatokana na mbegu: ni mazao ya shamba ya kutafunwa. Na matokeo yake? Miili yao ilinenepa (fungu la 15), jambo ambalo wauzaji wa juisi hawalitangazi.

Soma pia Danieli 10:2, 3. Miaka mingi baadaye Danieli aliacha nyama na divai kwa majuma matatu. Alikuwa akiomboleza na kuomba.

Kazi ya kusafisha mwili Muumbaji aliwapa watumishi wengine. Katika Zaburi 139:13, neno linalosomwa “mtima” kwa Kiebrania ni figo. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili za mkojo. Ini nalo hubadili vitu vyenye madhara ili viweze kutolewa. Hakuna juisi inayofanya kazi hiyo badala yao. Uzito unaoshuka siku za kwanza ni maji kwa sehemu kubwa. Maumivu ya kichwa yanayosemwa kuwa ni “sumu inatoka”, kwa mnywaji wa chai na kahawa mara nyingi ni kukosa kafeini tu.

Hatari huanza pale mama mwenye kisukari anapoambiwa na ndugu wa kanisani, tena kwa upendo, kwamba vidonge ni kukosa imani. Akiviacha, sukari hupanda, na juisi ya matunda huipandisha zaidi. Akiendelea navyo huku hali chakula, sukari yaweza kushuka ghafla hata akazimia. Mgonjwa wa figo naye yuko hatarini, kwa kuwa juisi nyingi za majani na matunda zina potasiamu ambayo figo zake haziwezi kuitoa. Watu hawa hawakukosa imani. Walikosa mtu wa kuwaambia wamwone daktari kwanza.

Je, chakula cha mimea hakina faida? Kinayo, tena kubwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda huko California, uliofuatilia Waadventista wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada tangu 2002, umeonyesha kwamba wasiokula nyama hupatwa kidogo zaidi na kisukari na shinikizo la damu. Hao hula maharage, nafaka, karanga na mboga mwaka hadi mwaka, wala si kwa siku kumi. Anayeacha mazao yote ya wanyama huhitaji pia vitamini B12. Ellen White, aliyehimiza chakula cha mimea, aliweka katika Huduma ya Uponyaji (1905) sura nzima ya kuonya juu ya kupita kiasi.

Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, akasikiwa. Kisha Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38:5, 21).

Jirani yako katika darasa lako la Sabato ameacha dawa zake ili afunge “siku kumi za Danieli”. Utamwambia nini wiki hii, na ni nani atakayekwenda naye hospitalini?